Kwilti ndogo imegoma: dalili, chanzo na namna ya kuinusuru

Kabla hujashika mkasi wa kufumulia, tandaza kazi yako mezani, igeuze, uangalie mgongo. Mikunjo, mafundo na uzi uliolegea huonekana nyuma kabla ya kujitokeza usoni, na ukishajua kilichotokea huko, unakuwa umepata nusu ya jibu.

Nazungumzia kwilti za sanaa, zile ndogo zisizofunika kitanda. Zina tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: uso wa vipande vya rangi, kitu laini katikati, na kitambaa cha mgongo. Zipo za ukubwa wa kadi ya posta, sentimita 10 kwa 15, zipo za ukubwa wa karatasi ya A4, na zipo za mraba wa sentimita 30. Zangu nazishona hapa Tanga kwa mabaki ya kanga na vitenge ninayookota kwa mafundi, na zinaishia sehemu tatu: ukutani kwangu, mikononi mwa ndugu na marafiki wenye sherehe, na kwenye harambee za watu wanaouguza.

Udogo wenyewe ndio unaozifaa kwa hisani. Kule Marekani, mshona kwilti Ami Simms alianzisha Alzheimer's Art Quilt Initiative mwaka 2006, mradi uliopokea kwilti zisizozidi inchi 9 kwa 12, yaani kama sentimita 23 kwa 30. Ziliuzwa na kupigwa mnada, zikakusanya zaidi ya dola milioni 1 za utafiti wa ugonjwa ule unaowapokonya wazee kumbukumbu. Kitu kinachoenea kwenye bahasha kinashoneka kwa siku chache, na asiye na fedha ya kuchangia anaweza kuchangia mikono yake.

Jambo moja nalitanguliza, kwa sababu limeniokolea vitambaa vingi. Kuna makosa ya kazi na kuna makosa ya macho. Kosa la kazi litamdhuru atakayeipokea au litaiua kwilti yenyewe: rangi inayochuja, pini iliyosahaulika, kipande kinachofumuka. Hilo lirekebishwe hata kama kazi yote itafumuliwa. Kosa la macho ni mstari uliokwenda upande kidogo, au pembe mbili zisizokutana sawasawa. Hilo unaliona wewe kwa sababu ulikuwepo lilipotokea. Nimewahi kufumua kosa la macho mara nne mahali pamoja mpaka kitambaa kikatoboka, na hapo ndipo nikawa nimejitengenezea kosa la kazi.

Nyuma kuna kichaka cha uzi

Juu mishono inaonekana sawa, lakini ukigeuza unakuta uzi umejirundika kama kiota cha shomoro, na wakati mwingine kazi imenasa kabisa kwenye cherehani. Wengi hukimbilia bobini kwa sababu fujo iko chini, wakaibana, wakailegeza, wakabadilisha. Fujo ikiwa chini, mkosaji karibu kila mara ni uzi wa juu: hauna kitu kinachouzuia, kwa hiyo unamiminika.

Nilihangaika na hili wiki nzima, mpaka fundi wa jirani akaja kusimama nyuma yangu nilipokuwa natunga uzi. "Dada, inua mguu kwanza," akasema. Mguu wa cherehani ukiwa chini, vile visahani viwili vinavyobana uzi vimefungana, na uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati. Kwa hiyo vuta uzi wote utoke, inua mguu, tunga upya tangu kwenye kigurudumu cha uzi mpaka kwenye tundu la sindano. Sasa shusha mguu uuvute uzi kwa vidole. Ukigoma kidogo, umeingia. Ukiteleza kama hauna mwenyewe, rudia.

Chanzo cha pili ni kuanza kushona bila kushika mikia ya nyuzi. Shika uzi wa juu na wa chini kwa nyuma, piga mishono mitatu minne ya mwanzo, ndipo uachie.

Chanzo cha tatu ni vumbi la katikati ya kwilti. Blanketi na flaneli hutoa manyoya, nayo hukusanyika chini ya bamba la sindano na kuzunguka bobini. Kila nikimaliza kazi moja nafungua bamba, nafagia kwa brashi ya mswaki mkavu, natia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda yakawa kama gundi, na mashine inakuwa nzito mguuni.

Mishono inaruka, uzi unakatika

Badilisha sindano kabla ya kufikiria jambo lingine. Kwa tabaka tatu za kanga au kitenge natumia namba 14, na nikiwa na vipande vingi vilivyopandiana napanda hadi 16. Namba 11 ni ya kitambaa kimoja chepesi, na kwenye kwilti inapinda.

Kama sindano ni mpya na bado inaruka, huenda imewekwa kinyume. Ipitishe kwenye ukucha: upande mmoja una mfereji mrefu. Mfereji huo unatakiwa uelekee upande ambao uzi unaingilia tunduni. Na kama umebandika vipande kwa gamstei, ile bitana ya gundi ya mafundi wa kola, angalia kama sindano imepakwa gundi. Ifute kwa spiriti.

Kitenge kipya nacho kinaweza kuwa na nta au wanga wa kiwandani unaokifanya kiwe kikavu kama karatasi. Kifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukikata. Utaona kimelainika na kimepungua kidogo, na ni heri kipungue kwenye beseni kuliko kipungue kikiwa kimeshashonwa na kanga ambayo haitapungua nacho.

Vinukta vya uzi wa chini vinachungulia juu

Uzi wa juu umekazwa mno. Legeza nusu mzunguko, jaribu, legeza tena. Jaribio lifanyike kwenye kipande cha mabaki chenye tabaka tatu zilezile, maana ukijaribia kitambaa kimoja majibu yatakudanganya. Ukikosa kabisa, weka uzi wa rangi moja juu na chini. Hili ni kosa la macho, na macho yakikosa tofauti ya rangi hayana cha kuona.

Mgongo una mikunjo

Umeshona vizuri, umegeuza, na huko nyuma kitambaa kimekunjwa na kushonewa humohumo kama suruali iliyopigwa pasi gizani. Chanzo ni bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia tabaka kabla ya kushona. Ama hukupiga bandi, ama ulipiga kitambaa cha mgongo kikiwa kimelegea.

Ninavyofanya mimi: nabandika mgongo mezani kwa selotepu pembe zote nne na katikati ya kila upande, upande wa ndani ukitazama juu. Uwe umenyooka bila kuvutwa, maana kitambaa kilichovutwa kitarudi ukikiachia, na mikunjo itahamia usoni. Juu yake natandaza blanketi jembamba au flaneli (shuka la flaneli la mtumba linatoa kwilti ndogo nyingi sana, na limeshafuliwa mara mia, halipungui tena). Juu kabisa naweka uso. Halafu napiga bandi kwa mkono, mishono mirefu, nikianzia katikati kwenda pembeni, mistari ikiachana kama sentimita 5. Wengine hutumia pini tu. Kwa kazi ya ukubwa wa kadi zinatosha, lakini kwa sentimita 30 ninaamini sindano na uzi.

Ukiwa umepiga bandi vizuri na mikunjo bado inakuja, mashine inasukuma kitambaa cha juu mbele huku meno yakivuta cha chini. Kwenye vile vyerehani vyeusi vya kukanyaga kuna skrubu juu ya nguzo ya mguu. Ilegeze, mguu upunguze uzito. Anza kushona mstari wa katikati, na mistari yote ielekee upande mmoja. Ukienda huku na kurudi kule, kwilti inapindana kama mkeka uliovutwa pembe.

Mkunjo mmoja mdogo nyuma ya kazi ya ukutani, uache. Kwenye kitu atakachotandikiwa mtoto, fumua.

Na kama katikati umeweka pamba ya mito, usiache nafasi pana bila mshono. Itatembea, itakusanyika pembeni, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza utakuwa na mabonge. Mshono kila sentimita 4 au 5 unaizuia.

Kingo zinacheza, au katikati pamevimba

Weka kwilti mezani. Ikiwa katikati imelala na kingo zinapanda na kushuka kama maji, kingo ni ndefu kuliko katikati. Hilo hutokea ukishona mistari mingi katikati na kuacha kingo wazi, kwa sababu kila mshono hula kitambaa kidogo. Katikati imepungua, kingo zimebaki na urefu wake. Dawa ni kuongeza mishono pembeni mpaka ilingane. Ikiwa kinyume chake, katikati pamevimba kama chapati inayoiva, ongeza mishono hapo katikati.

Chanzo kingine ni kukata utepe wa pembeni kwa ulalo bila kukusudia. Mabaki ya fundi yana ulalo mwingi, kwa sababu ni yale yaliyobaki baada ya kukata makwapa na shingo. Vuta kipande kwa vidole: kinachonyumbuka sana ni cha ulalo. Kiweke katikati ya picha, usikiweke ukingoni.

Kwa kuwa mishono hula kitambaa, usikate kwilti kwa kipimo kamili tangu mwanzo. Nikitaka A4 naanza na kitu kikubwa zaidi kwa sentimita 2 kila upande, nashona mistari yote, napiga pasi ya mvuke, ndipo nakata. Ukishonea mnada hili halina hiari. Chama cha washonaji wa kwilti za sanaa cha SAQA (Studio Art Quilt Associates) cha Marekani kina mnada wa kila mwaka wa kwilti za mraba wa inchi 12, na mraba ni mraba.

Nikiona mtu amechoshwa kabisa na kingo, humweleza habari ya Wasidi. Ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, na wengi wa mababu zao walivushwa bahari kutoka upande huu wa mashariki ya Afrika. Wale wa Karnataka wanashona kwa mkono matandiko ya viraka wanayoyaita *kawandi*, na kazi yao haianzii katikati. Mshonaji anachukua kitambaa cha mgongo, mara nyingi sari kuukuu, anakunja ukingo, anaweka viraka na kushona akizunguka kutoka nje kuingia ndani mpaka anakutana na katikati. Ukingo unakuwa umekwisha kabla kazi haijaanza, hauna nafasi ya kucheza. Kwenye pembe anaongeza kitambaa kilichokunjwa, *phula*, yaani ua, na bila maua hayo kwake kazi inakuwa haijakamilika. Nimejaribu njia hiyo kwa kanga chakavu, sentimita 25 kwa 25, bila cherehani. Ilinichukua jioni sita, na ndiyo kwilti yangu pekee ambayo pembe zake zote nne zililala zenyewe.

Rangi imechuja

Hili ni kosa la kazi, tena kubwa. Nyekundu ndiyo hatari zaidi, ikifuatwa na bluu iliyokoza na nyeusi. Kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kinavutia kwa zawadi ya harusi, na ndicho cha kupima kwanza.

Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kichovye maji ya moto, kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukandamize kwa pasi. Kikiacha waridi, fua kanga nzima peke yake, suuza, pima tena. Rudia mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Bibi yangu alinifundisha kuiloweka kwenye chumvi, na mafundi wengine husema siki. Nimezijaribu zote mbili kwa heshima. Rangi iliyotiwa kiwandani haifungwi na chumvi wala siki nyumbani. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi, kwa maji mengi. Kanga isiyoacha kuchuja baada ya kufuliwa mara tano usiiweke jirani na nyeupe, na usiiweke kabisa kwenye kitu kitakachofuliwa.

Ikishachuja je? Usiianike na usiipige pasi, maana joto kavu litaikaza ile waridi palepale. Jaza ndoo kubwa maji ya moto, tia sabuni ya vyombo, zamisha kwilti yote isibaki kona inayoelea. Iache usiku kucha. Asubuhi tazama maji kwenye glasi. Yakiwa na rangi, mwaga, jaza mengine, endelea. Nimewahi kufanya hivi siku tatu mfululizo kwa zawadi ya arobaini ya mtoto wa dada yangu, na siku ya tatu pale palipokuwa na waridi palirudi peupe. Jiki usiiguse. Itakula rangi zote, kwanza zile ulizozipenda.

Picha haisomeki

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa wakidhani hawana kipaji. Mashine imeshona sawa, kingo zimelala, na bado ukisimama hatua tatu mbali huoni kitu. Unaona kelele.

Nilishona ngalawa jioni, ikirudi pwani. Bahari niliitengeneza kwa kanga ya bluu yenye korosho kubwa nyeupe. Tanga la ngalawa nililikata kwenye kitenge cha manjano chenye maua ya bluu. Vitambaa vizuri vyote viwili. Niliibandika ukutani, nikamwita shangazi. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni bustani?"

Nikaipiga picha kwa simu, nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Ngalawa ilipotea kabisa. Manjano na bluu ni rangi mbili tofauti, lakini uzito wake wa mwanga na giza ulikuwa sawa, na maua yalikuwa makubwa sawa na korosho. Jicho hutambua umbo kwa tofauti ya mwanga na giza kabla ya kutambua rangi. Kanga na vitenge vimechorwa vionekane juu ya mtu anayetembea barabarani, kila kimoja kinataka kutazamwa. Ukivikutanisha viwili kwenye sentimita 30, vinapigana.

Kwa hiyo tafuta kitambaa kinachonyamaza. Mabaki ya sare za shule ni hazina: kaki, bluu, kijani, nyeupe, yote ya rangi moja bila maua. Pia geuza kitambaa. Kanga na vitenge vilivyochapwa upande mmoja vina mgongo uliofifia, na mgongo ule ni anga nzuri, ni mchanga mzuri, ni ukuta mzuri wa nyumba ya chokaa. Ua kubwa usilikate likabaki nusu nusu. Ama lichukue zima liwe kitu, mfano kichwa cha samaki, ama tumia kitambaa chenye madoadoa madogo.

Na kama kazi imeshashonwa, kama ngalawa yangu ilivyokuwa? Sikuifumua. Nilikata kitambaa cha neti nyeusi, kile cha mitandio ya sherehe, nikakilaza juu ya bahari yote nikiacha tanga nje. Bahari ikaingia giza la magharibi mara moja. Nikashona mistari ya karibukaribu juu ya neti, milimita 5 kwa 5. Mahali penye mishono mingi hubonyea na kurudi nyuma, palipoachwa huru huinuka na kuja mbele, kwa hiyo tanga ambalo sikulishona ndani likajaa upepo lenyewe. Mwisho nilizungusha tanga kwa uzi mweusi wa kudarizi, mshono wa mkono. Shangazi aliporudi alisema, "Wamechelewa hawa, giza limewakuta." Hakuniuliza ni nini.

Maneno ya kanga yamesema usichokusudia

Hili halimo kwenye maelekezo ya kwilti ya nchi nyingine, lakini kwetu ni tatizo kamili. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina husomwa. Mtu atageuza kwilti, atainamisha kichwa, atasoma hata herufi tatu.

Nilimshonea rafiki yangu zawadi ya ndoa, na kipande kimoja cha ukingoni kilitoka kwenye kanga yenye jina "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Nilikuwa nimeangalia rangi tu. Kwenye kipande changu kilibaki "kumbe adhabu", kimesimama wima kwenye pembe ya kulia. Nilikiona usiku wa kuamkia sherehe. Nilikifunika kwa ua la kitenge lililoshonwa kwa mkono, mishono midogo, na asubuhi nikaipeleka.

Kwa hiyo soma kila herufi kabla ya kukata. Ukitaka neno, lichague: "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu" inamfaa mama yeyote, na hata ukikata ukabaki na "dhahabu" peke yake hujamtukana mtu. Ukikuta neno baya limeshashonwa, lifunike. Mkwe hasahau.

Vipande vilivyobandikwa vinafumuka nyuzi

Umekata karibu mno na mshono, au kitambaa kimefumwa kwa ulegevu. Kwa cherehani chenye zigizaga, pita ukingoni mishono ikikaribiana. Kwa kile cha kukanyaga kisichojua zaidi ya mstari mnyoofu, pita mara mbili, mstari wa kwanza milimita 2 kutoka ukingoni na wa pili milimita 4. Nyuzi zitatoka mpaka zifike kwenye mstari, halafu zitaacha, na zile ndevu fupi zinapendeza kwenye nyasi, manyoya ya kuku na mawimbi.

Kama gamstei haikushika, mara nyingi umeburuza pasi badala ya kuikandamiza. Iweke, hesabu hadi kumi, inua, sogea. Umeme ukiwa mdogo hesabu hadi ishirini. Kwa pasi ya mkaa, tandika kwanza kitambaa safi juu ya kazi, kwa sababu cheche moja ikidondoka kwenye matundu inatosha.

Kitenge kikijikunja chini ya pasi na kutoa harufu ya plastiki, si pamba. Choma uzi wake mmoja: pamba hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda ikawa punje ngumu. Kitumie, lakini pasi iwe ya joto la chini.

Kona nene, au zimekuwa duara

Kwa kwilti ndogo sioni sababu ya kuhangaika na utepe wa kuzungushia. Geuza kama foronya: uso na mgongo zitazamane, katikati iwe chini, shona pande zote, acha uwazi wa vidole vinne, punguza kona kwa mkasi, geuza. Kona isukume kwa kijiti kilichochongwa butu. Mkasi huitoboa, na kona iliyotoboka haina dawa nzuri.

Inapinda ikiwa ukutani

Kona za juu zinaangukia mbele kwa sababu umeining'iniza kwa kitanzi kimoja katikati. Shona vipembetatu viwili vya kitambaa nyuma, kimoja kwenye kila kona ya juu, viwe kama mifuko midogo. Kata ufito wa mwanzi ufupi kidogo kuliko upana wa kwilti, uchomeke ncha zake humo, kisha msumari ubebe ufito katikati. Isitazamane na dirisha la jua la mchana. Rangi za kanga hupauka haraka.

Madoa ya kahawia, harufu ya ukungu

Sisi wa pwani tunalijua hili. Pini zilizoachwa kwenye kitambaa wiki mbili za masika zinaacha kutu. Limao na chumvi juani huondoa kutu kwenye nyeupe, lakini kwenye kanga limao linaweza kung'oa na rangi, kwa hiyo jaribia kwanza kwenye ukingo utakaokatwa. Kazi iliyokwisha isifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Iwekwe kwenye foronya ya pamba, itolewe ipate hewa kila mwezi.

Imekataliwa, au imepokelewa lakini haitumiki

Kwa hisani, uliza kabla hujashona. Wodi ya watoto itataka kitu kinachofulika kwa maji ya moto, na ngalawa yangu yenye neti isingedumu huko siku moja. Nyumba ya wazee huenda wakafurahia zaidi kitu cha mapajani chenye vitambaa vya kuguswa: kordrai, sweta, satini. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, usitie kifungo, ushanga wala kitu chochote kinachoweza kung'olewa na kumezwa, hata ukikishona kwa uzi wa mara nne. Macho ya samaki yadarizi.

Pini nazo zihesabiwe. Boksi langu lina pini 24 zenye vichwa vya rangi. Mwaka fulani, nikiwa nimeshafunga kwilti ya mtoto mchanga kwenye karatasi ya zawadi, nilizihesabu zikawa 23. Nilifungua karatasi, nikapapasa, sikuipata. Nikapapasa tena kwa kukandamiza kiganja, ndipo nikaisikia ndani ya upindo, imelala sambamba na mshono, kichwa chake kimekatika na sindano. Nilifumua sentimita 8, nikaitoa, nikashona tena kwa mkono.

Siku hizi nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Kazi ikiisha naipitisha taratibu pande zote mbili, uso na mgongo, pembe moja mpaka nyingine, kisha nakandamiza kwa kiganja kila upindo, nahesabu boksi, na hapo ndipo naifunga.